Kapasita Iliyotoka Kwenye Kopo

Jumatano, 4 Juni

Mume wangu,

Salamu nyingi kutoka chumba cha mbele. Nimekaa kwenye kiti chako, nimesukuma vyuma vyako pembeni ili nipate pa kuwekea karatasi. Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Natumai nawe huko machimboni u mzima, na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha.

Sasa niweke adabu kando niseme lililonikalisha hapa. Mashine ya oksijeni ya Mama imeanza kuzima yenyewe.

Juzi mchana nilikuwa kwenye cherehani, nakunja pindo la suruali ya mwalimu, nikasikia kimya. Unajua tulivyouzoea ule mkoromo. Mama mwenyewe huiita mashine mgeni wake asiyejua kulala kwa heshima. Ulipokatika nikadhani umeme umekwenda, lakini taa ilikuwa inawaka. Nikakimbia chumbani, nikamkuta Mama amekaa kitandani, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Nikafungua ule mtungi wa akiba, nikamwekea mpira puani, na kwa haraka yangu nikamkwaruza shavu. Alipopata pumzi, kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba nikate kucha.

Niliizima mashine, nikaipumzisha, nikaiwasha, ikakubali. Ikaenda mpaka jioni, ikalia kengele yake, ikazima tena. Jana ikawa hivyo hivyo, na leo imezidi. Hospitali wanasema mashine ni yetu, wao hawatengenezi, na wodi imejaa; kitanda kitatafutwa akizidiwa. Fundi wa simu wa barabara ya pili alikuja, akafungua kifuniko, akatazama, akafunga. Akasema kitu kinachoshikilia roho ya mtu yeye hakigusi. Sikumlaumu. Mimi nisingekigusa pia.

Lakini fundi wa nyumba hii yuko bondeni ambako simu haishiki, na habari zake ni mpaka lori la mahitaji lifike kwenu Ijumaa na kuondoka Jumamosi. Kwa hiyo niambie la kufanya. Niambie kama mtu asiyejua lolote, kwa sababu miaka yote tumekaa humu mimi nikishona na wewe ukilehemu, na mpaka leo sijui hivi vidude vyako vinafanya nini.

Naogopa. Nimeliandika hapa ili nisije nikalisema mbele ya Mama.

Halafu mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Mama anauliza utarudi lini. Na mimi nauliza.

Mkeo


Ijumaa, 6 Juni

Mke wangu, Bi Maswali,

Barua yako imenikuta mzima wa mwili. Roho ndiyo imekosa pa kukaa tangu niisome. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie kucha za mkwe wake zisimpotezee usingizi.

Kipara, dereva wa lori, amenipa nafasi mpaka asubuhi, basi nikae nikueleze vizuri. Usiniharakishe.

Ukifungua kifuniko cha mashine utaona bodi ya kijani. Umeme wa ukutani ukiingia hukutana kwanza na fyuzi, kibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Kazi ya fyuzi ni kukatika. Umeme ukizidi, uzi unakatika kabla vingine havijaungua. Ukiuona uzi mzima, achana nayo. Baada ya hapo kuna dayodi, vitu vyeusi vidogo vyenye mstari wa fedha upande mmoja. Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, na bodi haiutaki hivyo, kwa hiyo dayodi zinaulazimisha uende bila kurudi. Rezista ni vile vyenye pete za rangi ambavyo uliwahi kutaka kuvifanya shanga. Hivyo vinaubana umeme, jinsi unavyobana mpira wa maji kwa kidole ili yasikulowanishe. Transista ina miguu mitatu: ukiupa mguu mmoja umeme kidogo, inaruhusu umeme mwingi upite kwenye miguu mingine miwili. Ndivyo bodi inavyoiamrisha mota ianze au isimame.

Iliyobaki ni kapasita, na hiyo ndiyo ninayoishuku. Ni kikopo cha duara kilichosimama, kikubwa kuliko vyote kwenye bodi. Umeme unaotoka kwenye dayodi unakuja kwa mikupuo. Kapasita inauhifadhi na kuutoa taratibu, inajaa na kumwaga, ili bodi ipate umeme uliotulia. Ikizeeka inashindwa kuhifadhi, bodi inapata umeme wa kudonoadonoa, inachanganyikiwa, inalia na kuzima. Kapasita iliyochoka mara nyingi huvimba kichwani. Inatakiwa iwe bapa. Itazame hiyo.

Sasa nisikilize. Ukichomoa waya ukutani, fyuzi inalala, dayodi inalala, rezista inalala. Kapasita hailali. Inabaki na umeme wake tumboni, na ule umeme hauna huruma. Nimemwona mtu mzima amerushwa mpaka ukutani na kitu kilichokuwa kimechomolewa. Chukua balbu yangu ya zamani yenye nyaya mbili, iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Shika nyaya penye plastiki, gusisha ncha zake kwenye miguu ya kapasita kwa chini ya bodi. Balbu itaunywa huo umeme. Usiguse kitu kwa kidole kabla ya hapo. Mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo wako wakati wote.

Niandikie ulichokiona na namba zilizoandikwa kwenye kikopo. Usibadilishe kitu kwanza.

Nakuwaza zaidi ya unavyofikiri.

Mumeo


Jumatano, 11 Juni

Mume wangu,

U hali gani? Sisi tunasukuma siku. Mama anasema marahaba, na anasema barua yako ilikuwa ndefu kuliko zile ulizoniandikia ukinichumbia.

Nilifanya ulivyosema. Nilimweka Mama kwenye mtungi, nikachomoa mashine, nikaipindua kwenye meza yako, nikafungua skrubu. Nilikaa kuitazama ile bodi mpaka chai ikapoa. Mkono mmoja nyuma ya mgongo kama askari kwenye gwaride. Nikagusisha balbu, na ikawaka. Waya wa mashine ulikuwa sakafuni, nauona kwa macho yangu, haujaingia popote, na balbu ikawaka kidogo ikafifia. Nilipiga yowe. Mama akaniuliza kutoka chumbani kama nimeona panya. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu sikujua nimwambie nimeona nini.

Tangu siku hiyo siamini kitu chochote humu ndani kilichozimwa. Juzi nimeizunguka pasi yangu ya nguo mara mbili kabla ya kuihamisha. Ucheke tu.

Kikopo kimevimba kweli. Kichwa chake kimetuna na pembeni pametoka majimaji ya kahawia. Kimeandikwa mia moja, kisha alama ndogo, kisha mia nne na herufi V. Kwenye lile kopo lako la maziwa lenye kapasita ulizozing'oa kwenye televisheni zilizokufa, nimepata moja iliyoandikwa mia moja na mia nne hamsini. Sijui kama hiyo hamsini ya ziada ni neema au balaa.

Mashine sasa haimalizi saa moja. Inazima, naipumzisha, naiwasha, na katikati Mama yuko kwenye mtungi. Sindano ya mtungi imeshuka kuliko ninavyopenda kuitazama. Nimeacha kushona kwa sababu cherehani inanizuia kusikia kama mashine bado inakoroma. Nakaa kimya, nasikiliza tu. Jana Mama alinitazama akasema, "Mwanangu, nenda nje ukapate jua, mimi sitakimbia." Nilitoka mpaka mlangoni nikarudi.

Niambie jinsi ya kuibadilisha. Mikono yangu ni ya mshonaji, nadhani itaweza kulehemu. Kinachonitisha ni ule wakati wa kuwasha.

Hukunijibu kuhusu kurudi. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikidhani nimeruka mstari.

Mkeo


Ijumaa, 13 Juni

Mke wangu mpenzi,

Nakusalimu, na nakuvulia kofia. Uliyoyafanya peke yako na balbu, mafundi wangu wawili hapa wangeyakimbia. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi, ambao nao umetoka machimboni bila kibali.

Kapasita uliyoipata inafaa kabisa. Namba ya kwanza ni kiasi inachohifadhi, na lazima iwe ile ile. Namba ya pili ni nguvu inayoweza kuivumilia, na hiyo ikizidi haina ubaya. Hamsini yako ni neema.

Pasha chuma cha kulehemu mpaka lehemu iyeyuke ikiguswa. Geuza bodi, yeyusha lehemu ya mguu mmoja wa kapasita ya zamani huku ukiivuta taratibu, kisha wa pili. Usitumie nguvu, bodi itachanika. Ikishatoka, safisha yale matundu mawili. Utaona tundu moja limechapwa alama ya kujumlisha. Kapasita hii ina upande wa chanya na upande wa hasi, si kama rezista ambayo unaweza kuiweka vyovyote. Mguu mrefu ni chanya. Uingize mguu mrefu kwenye tundu lenye alama ya kujumlisha, mfupi kwenye lile lingine, lehemu, na umemaliza. Usikosee hapo, kwa sababu kapasita iliyogeuzwa inachemka ndani kwa ndani na kupasuka. Mguu mrefu, alama ya kujumlisha. Liimbe kama wimbo.

Kuwasha: mara ya kwanza acha kifuniko wazi, washa kwa swichi ya ukutani, simama mbali. Mama abaki chumbani na mtungi, mlango ufungwe. Oksijeni na cheche hazikai chumba kimoja. Zima na simu yako kabisa kabla hujaanza, isije ikalia ukashtuka na chuma cha moto mkononi. Nakujua unavyoruka.

Kuhusu kurudi, tutazungumza. Meneja ameniletea karatasi ya kuongeza mwaka mmoja. Iko chini ya godoro langu, sijaitia sahihi. Usinikasirikie. Tumalize hili la mashine kwanza.

Mumeo


Jumatatu, 16 Juni

Mke wangu,

Sina salamu. Usiwashe. Kama hujawasha, usiwashe, chomoa, itoe.

Leo asubuhi mtunza stoo amenipa boksi la kapasita mpya kwa ajili ya pampu. Nimeichukua ya kwanza, nikaiingiza mguu mrefu penye chanya, nikalehemu, nikakata miguu iliyozidi kwa koleo, kama ninavyofanya kila siku. Vipande viwili vya miguu vikaanguka mezani. Nikavitazama. Nikaweka koleo chini.

Mguu mrefu ni wa kapasita mpya. Kiwandani ndiko wanakouacha mrefu, na fundi akishalehemu anaukata. Ile ya kwako imetoka kwenye kopo. Uliniandikia wazi kwamba imetoka kwenye kopo. Ilishakatwa zamani, halafu mimi nikaing'oa na kuikata tena popote koleo lilipofika. Mguu wake mrefu hauna maana yoyote. Unaweza kuwa chanya, unaweza kuwa hasi, na mimi nimekwambia uuimbe.

Tazama ubavuni mwa kikopo. Kuna mstari mweupe unaoshuka, una alama za kutoa. Mguu ulio chini ya mstari huo ndio hasi, uwe mrefu uwe mfupi. Huo ndio wa kufuata. Mwaka mzima huku nimeshika mpya tu, nikasahau tunavyoishi nyumbani.

Nilikimbia mpaka ofisini. Walipiga redio mpaka bohari ya mjini, karani wa bohari akapiga simu yako. Akasema imezimwa. Nikamwambia apige tena. Akapiga mchana, akapiga jioni. Imezimwa. Mimi ndiye niliyekwambia uizime. Ofisi ya bohari iko upande wa pili wa mji, nilimsihi atume mtu, akasema atajaribu, hawana gari.

Barua yangu mbaya uliipata jana. Hii mpaka Jumapili. Sijui hata ninamwandikia nani.

Mumeo


Ijumaa, 20 Juni

Mke wangu,

Barua ya Jumatatu bado ninayo hapa, naitia hii kwenye bahasha ile ile.

Lori limefika. Nilikuwa nimesimama langoni kabla halijaonekana. Kipara alishuka, akaniangalia, akaanza kutafuta sigara zake, nikajua hana barua. Akasema alipita kwetu jana kama kawaida, akagonga, nyumba imefungwa. Jirani muuza vitambaa alimwambia kwamba Jumatatu alisikia mlio, kisha mkatoka kwa haraka kwenye gari la mtu, mmoja amebebwa. Nilimuuliza nani alibebwa. Kipara hakuuliza. Nilitaka kumpiga, na hana kosa.

Mmoja amebebwa. Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Nikimwona Mama amebebwa, nakuona wewe umesimama mzima, nashukuru, halafu nasikia aibu kwa kushukuru. Nikikuona wewe umebebwa, na macho yako, siwezi kuendelea. Nageuza upya.

Nitakwambia kilichotokea jioni hii, maana sitaki ukisikie kwa Kipara. Nilifunga begi. Nikaenda mpaka kwenye lori, nikaweka mguu kwenye ngazi. Meneja akatoka akasema nikipanda, kazi yangu anapewa mwingine na karatasi iliyo chini ya godoro nisiisumbukie. Siyo hilo lililonirudisha. Mke wangu, niliposhika kile chuma cha mlango niliona mlango wetu, na mimi nausukuma, na chumba cha mbele kiko kimya. Naogopa kufika kuliko ninavyoogopa kubaki hapa bila kujua. Nikashusha begi. Kipara alijifanya anakagua tairi.

Kama unasoma haya, basi una macho. Niandikie neno moja tu.

Mumeo


Jumatano, 25 Juni

Mume wangu,

Tuko hai, wote wawili. Nimeliandika kwanza ili usitafute.

Sasa nikueleze, na nitaeleza kwa mpangilio wangu, usinikatize.

Jumatatu ile nilizima simu kama ulivyoniamuru. Nilimfungia Mama chumbani na mtungi. Niliitoa kapasita ya zamani bila kuchana bodi, ungejivuna. Mguu mrefu, alama ya kujumlisha. Niliimba kweli, kwa sauti. Nikalehemu. Kazi ilikuwa safi kuliko zako. Kisha nikasimama penye swichi ya ukutani na mkono wangu ukakataa. Sijui nilisimama muda gani. Nilikuwa naisikia pumzi yangu mwenyewe. Nilijiambia, ukiwasha ikapasuka, umemuua mama wa watu. Usipowasha, mtungi unaisha, umemuua vile vile. Nikaweka mkono, nikautoa.

Mama akaniita. Alikuwa na kiu, akataka maji ya bomba la nje, eti ya ndani yana ladha ya ndoo. Nilishukuru kupata pa kwenda. Nilikuwa nakinga maji nikasikia mlio. Nilidhani tairi la gari. Halafu nikaona moshi mweupe unatoka dirishani kwetu.

Mama hakuweza kuningoja. Unamjua asivyo na subira. Alivua mpira wa puani, akatoka chumbani bila hewa, akishika ukuta, akaenda kuwasha mwenyewe. Nilimkuta sakafuni katikati ya vipande vya karatasi vilivyoloa, vilivyotoka tumboni mwa ile kapasita, vimetapakaa hadi kwenye cherehani yangu. Mkono wake wa kulia umeungua kwa yale majimaji, na nyusi moja hana. Macho yamepona. Kilichokuwa kibaya ni pumzi. Alikuwa anafungua mdomo na hakuna kinachoingia. Nilimrudishia mpira, muuza vitambaa akaita gari la mteja wake, tukambeba. Hospitali wakampa kitanda, maana sasa amezidiwa kweli. Simu niliiacha mezani kwako, imezimwa.

Nililala kwenye sakafu ya wodi wiki nzima. Jumamosi nilirudi kuchukua nguo, nikawasha simu, na papo hapo ikalia. Karani wa bohari. Akaniambia, "Mumeo anasema usiwashe." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia. Nilimwomba akwambie tuko hai. Alisema atafikisha, sijui kama alifikisha.

Jumapili Kipara akaniletea bahasha yako wodini. Nilimsomea Mama barua zote mbili, sikuruka kitu, hata lile la ngazi ya lori. Kisha nikaenda nyumbani. Nilitoa kapasita nyingine kwenye kopo, nikaufuata mstari mweupe. Dayodi moja ilikuwa imeungua na uzi wa fyuzi umekatika. Nilivipata vingine kwenye vikopo vyako, nikavilinganisha namba na zile za zamani. Leo asubuhi niliwasha. Nilikuwa peke yangu, na nilikuwa naogopa hadi nilikojoa kidogo, nakwambia wewe kwa sababu ni mume wangu. Imekoroma. Inakoroma sasa hivi ninavyoandika. Kesho kutwa Mama anarudi nyumbani, dhaifu kuliko alivyotoka.

Sikukasirikii kwa mguu mrefu. Mtu yeyote anaweza kusahau. Nakukasirikia kwa ngazi. Wewe uliogopa kusukuma mlango, ukashusha begi. Mimi nilikuwa upande wa ndani wa mlango huo huo, sikuwa na begi la kushusha.

Usiniandikie tena jinsi ya kutengeneza kitu. Njoo uogope hapa.

Mkeo


Alhamisi, 26 Juni

Mwanangu,

Anayeandika ni muuguzi wa zamu, mimi mkono wangu umefungwa. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako. Atampa Kipara mwenyewe, kwa sababu mkeo hatakiwi kuiona.

Mimi sijambo, napumua. Nyusi itaota.

Mkeo amekuandikia kwamba sina subira. Mwache aamini hivyo. Siku ile nilimsikia kupitia mlango. Anavuta pumzi, ananyamaza, anavuta tena, na swichi hailii. Nikajua mkono umemgomea. Na mimi nikawaza: kile kitu kikiharibika, kitaharibikia usoni mwa nani? Ana miaka mingi mbele yake ya kutumia macho. Nikamwita, nikamwambia nina kiu, aende bomba la nje kwa kuwa ndilo la mbali.

Sikuwa na kiu.

Usimwambie. Akijua atajilaumu, na akijilaumu hataigusa mashine tena, nami bado naihitaji. Akinigombeza kwa kukosa subira anapata nguvu. Ninamwacha anigombeze.

Nimesikia ulifika kwenye ngazi ukarudi. Unaogopa kufika ukute nimekufa. Mwanangu, nitakufa, uwepo usiwepo, kapasita iwe sawa isiwe sawa. Mimi mwenyewe naogopa, usidhani wazee hatuogopi. Lakini mimi nikiogopa ninamwita yeye, anakuja, ananishika mkono. Yeye akiogopa anakuandikia wewe, na lori linafika Ijumaa.

Mama yako